Ile picha ya darubini ni ya kazini

Kwanza tulimalize hili la picha. Naona imetoka grupu la familia ikaenda la kanisa, na kutoka hapo sijui imefika wapi, maana hata mtu niliyesoma naye darasa la nne ameniandikia akitaka nimfanyie mpango wa kuja. Mimi nimesimama, darubini shingoni, jaketi la maana mwilini, nyuma yangu bahari na ndege wamejaa mbingu nzima. Chini yake mjomba kaandika, "Wenzetu majuu wanalipwa kutazama ndege." Shangazi akaweka vicheko. Halafu binamu akauliza, kwa upole wake ule wa kuuma, kama mtu mwenye nafasi ya kwenda kutazama ndege Jumamosi asubuhi anaweza kweli kusema hana hela ya jenereta ya mjomba.

Mjomba, umepatia bila kujua. Nilikuwa nalipwa. Picha ile ni ya kazini.

Jaketi ni la binti wa mzee ninayemhudumia, aliniazima baada ya kuniona natetemeka. Darubini ni ya mzee mwenyewe. Yeye humwoni kwa sababu ndiye aliyepiga picha, akiwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, na mkono wake hautulii, ndiyo maana bahari imelala upande kama inataka kumwagika. Nyuma ya kiti linaning'inia begi langu. Ndani mna nepi za watu wazima, glovu, taulo za karatasi, suruali ya akiba. Ile suruali ya akiba ndiyo alikuwa ameivaa wakati ananipiga picha. Mnaelewa sasa nilikuwa nimetoka kufanya nini.

Ya baridi siyasemi, mnayajua na mmeshayachoka. Nataka niseme ya hao ndege, kwa sababu ndio mnaowaonea wivu.

Mahali penyewe panaitwa Titchwell, pwani ya kaskazini ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Ni matope, matete, mabwawa ya maji chumvi, kisha mchanga na bahari. Panamilikiwa na RSPB, chama cha kulinda ndege kilichoanzishwa mwaka 1889 na wanawake waliokuwa wamechoka kuona ndege wanachinjwa ili manyoya yapambe kofia. Njia yake imetengenezwa vizuri, kiti cha magurudumu kinapita hadi kwenye vibanda vya kutazamia. Binti wa mzee hulipia saa za ziada kupitia kampuni, na mimi ndiye ninayeendesha gari, ninayesukuma, ninayefuta, na siku hizi ninayehesabu.

Mnakumbuka tulivyokuwa tukiwacheka wazungu pale Mida, lile hori la bahari kwetu pwani ya Kenya? Mtu mzima na kofia yake, amesimama kwenye lile daraja la mbao linalosukasuka juu ya mikoko, jua linamchoma, anamkodolea macho ndege sululu anayechomoa kaa kwenye tope. Nilikuwa mapokezi hotelini Watamu, wananiuliza maji yatatoka saa ngapi nami najiuliza hawa hawana kazi kwao? Sasa niko kwao, na jibu ni kwamba wengi wao wamestaafu.

Huku msimu wa ndege kuhama huanza kabla majani hayajageuka rangi. Mwezi wa tisa mbayuwayu hujipanga kwenye nyaya za stima, wanaruka wanarudi, wanaruka wanarudi, halafu asubuhi moja hawapo. Wa Uingereza huenda mpaka Afrika Kusini, kupitia Ufaransa, Hispania, Moroko na Sahara nzima, na ndege mwenyewe uzito wake ni kama gramu 20. Mzee husimulia hili kama mtu anayesimulia mechi. Mwaka 1911 mwanasheria mmoja wa Staffordshire, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete mguuni, na Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Hapo ndipo Waingereza walipopata ushahidi wa kwanza wa wanakokwenda mbayuwayu wao.

Wakati hao wanatoka, wengine wanaingia. Mabata bukini wa miguu ya waridi hushuka kutoka Iceland na Greenland kwa makundi makubwa, hulala kwenye matope ya ghuba ya Wash na alfajiri hupita juu ya nyumba za watu kwenda mashambani kula masalia ya viazisukari. Sauti yao utaisikia kabla hujaona kitu. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida (hapa nilimshangaza mzee, maana bamvua na maji mafu sikuhitaji kufundishwa na mtu), maji hufunika tope lote la Wash na wale ndege wa kijivu wa ufukweni, maelfu kwa maelfu, hunyanyuka pamoja kutafuta pa kukanyaga. Kundi linapinda, linakuwa jeupe, linapinda tena, linakuwa jeusi. Hao ndio waliojaza picha.

Na upepo wa matlai, ule wa mashariki, ukivuma mwezi wa kumi, hasa ukija na manyunyu, ndipo wenye darubini wanapopata wazimu. Ndege waliovuka Bahari ya Kaskazini usiku kucha huangukia kichaka chochote kilicho karibu na maji. Yupo mmoja mdogo mwenye mstari wa njano utosini, uzito wake gramu 5 au 6, yaani shilingi yoyote mfukoni mwako inakaribia kumshinda. Alikuwa kwenye kichaka kando ya maegesho, mkono wangu ungemfikia. Hakuruka. Alikuwa akipekua jani moja baada ya jingine, anameza vidudu, mabawa yamelegea, na nilimwona kifua kikipanda na kushuka. Mzee alisema tusimsogelee, anakula kwa sababu asipokula leo usiku atakufa.

Kwa hiyo binamu mwingine aliyeandika eti "ndege wana raha, hawaombi viza", naomba hilo lisirudiwe. Limeshasemwa na kila mtu tangu nifike huku, weusi kwa weupe, na kila mmoja anadhani amelibuni yeye. Wale wadogo wengi huishia baharini. Hakuna anayewahesabu.

Wanaohesabiwa ni wengine, na hapo ndipo penye kidonda changu.

Kuna mabata bukini weusi wadogo wanaotoka Siberia, huko juu kabisa Taimyr. Hufika mwezi wa tisa mwishoni na wa kumi. Hawa huja kifamilia. Baba, mama na watoto wa mwaka huo hukaa pamoja kipupwe kizima, wanakula pamoja, wanaruka pamoja, na mtoto akisogelewa na bata mgeni mzazi hunyoosha shingo na kumfukuza. Mtoto unamtambua kwa mistari myeupe bawani, na hana bado ile alama nyeupe shingoni waliyo nayo wakubwa. Mzee hana haja sana na idadi ya kundi. Anachotaka kujua ni watoto wangapi. Anasema kuna miaka kundi zima linafika karibu bila mtoto, kwa sababu kule Siberia panya wa barafu wanaoitwa lemingi huwa wengi mwaka mmoja na kupotea mwaka mwingine, na wakipotea, mbweha hugeukia mayai na vifaranga. Kwa hiyo ukikaa Norfolk na darubini, ukahesabu watoto, unajua huko juu mwaka ulikuwaje.

Tulikuwa tukihesabu hivyo, yeye anataja, mimi nabonyeza kile kichuma cha kuhesabia. Mtoto. Mtoto. Wawili pale. Mtoto. Katikati akauliza, bila kuondoa jicho, "Na wewe wako yuko wapi?"

Nikamwambia yuko Gede kwa mama yangu.

Hakusema pole. Akasema, "Chukua upande wa kushoto, mimi jicho la kushoto haliniambii kitu tena." Nilishukuru. Pole ingenimaliza.

Ninyi mnaoniuliza kila Krismasi "mtoto utamchukua lini", sikilizeni vizuri, na mama usome hapa mara mbili. Tangu tarehe 11 Machi 2024, mhudumu wa wazee anayekuja kwa viza ya kazi hii haruhusiwi kuja na mtoto wala mume. Mimi nimekuja baada ya tarehe hiyo. Nililijua. Nilisoma, nikaelewa, nikasaini, kwa sababu watalii wakikauka Watamu mshahara nao hukauka, na karo haikauki. Kwa hiyo msiniambie nimemsahau, na msimwambie yeye kwamba nikipata makaratasi mazuri nitamwita mwakani. Nani kawaambia mwakani? Anapopiga simu huniuliza kama ndege ninaowaona ndio watakaofika Mida. Nimemwambia ukweli: ni aina zile zile baadhi yao, lakini safari nyingine, wengi wa Mida hushuka kutoka upande wa Siberia kwa njia yao. Hakupenda jibu. Lakini simdanganyi mtoto kwenye kitu hata kidogo, maana nitahitaji aniamini kwenye vikubwa.

Sasa wewe mdogo wangu, unayetaka kuuza kile kipande cha shamba kumlipa wakala. Usiuze. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga kabisa kuajiri wahudumu wapya wa wazee kutoka nje. Hiyo barua ya udhamini anayokuonyesha kwenye simu, hata ingekuwa na mihuri kumi, itakupeleka wapi? Mwambie akurudishie amana, na akikuzungusha nenda na wazee. Wewe dada uliye nesi wa kusomea, kwako ni habari nyingine. Nesi bado anaajiriwa na bado anaruhusiwa kuja na watoto. Njoo. Au usije, sijui, mumeo huyo namjua, hatakaa huku wiki mbili bila kulalamika. Lakini karatasi zako zipeleke, usikae nazo kabatini.

Na mkija, yeyote, kwa njia yoyote, mjue hili: ukishikiliwa na mwajiri mmoja unajifunza kunyamaza. Akivunja mkataba nawe, au akinyang'anywa leseni ya udhamini, ile inayomruhusu kuajiri watu wa nje, unapewa siku 60 kutafuta mwingine, la sivyo uondoke. Mwajiri wangu wa kwanza alilijua hilo kuliko alivyojua jina langu. Tulikuwa tukilipwa dakika za ndani ya nyumba ya mgonjwa tu. Nusu saa kwa bibi huyu, kisha barabarani dakika ishirini bila senti, petroli yako, kisha robo saa kwa babu yule. Siku ya saa kumi na mbili, hati ya mshahara inasema saba. Nikifika jioni nimekaa garini nje ya mlango wangu, nasikia tu juu gizani "siip", "siip", ndege wa Skandinavia wanaingia usiku, na mimi nguvu ya kufungua mlango wa gari sina. Ndio muziki wa majuu huo, muuweke kwenye grupu.

Hata pale Titchwell, msidhani ninaingia kama nyinyi mnavyoniona. Watu wana darubini za miguu mitatu zinazozidi bei ya bodaboda mpya. Wakipita humwuliza mzee ameona nini, wananiruka mimi kama kishikio cha kiti. Siku moja mzee akajibu, "Muulize yeye, ndiye mwenye macho." Yule bwana akaniuliza. Nikamjibu kwa ufupi sana.

Lakini nisiwadanganye kwa upande wa pili pia. Napenda ile kazi ya Jumamosi. Naipenda kiasi cha kuona aibu. Napenda mzee anapofunga macho na kutaja ndege kwa sauti kabla sijamwona. Kumwosha mtu mzima kulinitoa machozi wiki za mwanzo, mimi niliyekuwa nikivaa sketi ya pasi na kupokea wageni. Sasa namwosha huku ananieleza kwa nini upepo wa kesho ni mzuri, na tunamaliza bila mmoja wetu kutazama chini. Kama mnataka kunionea wivu, nioneeni hapo.

Mama, mpeleke mtoto Mida maji yakiwa yametoka, mumpe ile darubini ndogo niliyotuma na boksi la nguo, wala msimfungie kabatini eti ataivunja. Aivunje.

Karo ya muhula natuma Ijumaa mshahara ukiingia, moja kwa moja kwa shule, si kwa mkono wa mtu, na anayehusika anajua kwa nini. Dawa za presha za bibi pia nimeziweka. Mjomba, jenereta hapana, mwaka huu hapana na mwakani tutazungumza. Ukitaka kunigombeza nipigie Jumapili jioni, siku nyingine niko kwenye nyumba za watu.