Kabla ya Kushangilia Bei ya Umeme wa Ubia, Tafuta Mstari wa Dola

Nilipoingia mara ya kwanza kwenye timu ya serikali iliyokuwa ikijadiliana na mwekezaji binafsi wa mtambo wa umeme wa jua, yaani mradi wa ubia kati ya pande hizo mbili, macho yangu yote yalikuwa kwenye bei. Senti ngapi za dola kwa uniti? Ikishuka kidogo tu, tunapongezana.

Jioni moja tukabaki wawili ofisini. Mwenzangu akafungua jedwali la hesabu za mradi, akanionyesha mstari wa kiwango cha kubadilisha fedha. Tarakimu ileile, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa ishirini. Akaifuta, akaandika kwamba dola inapanda asilimia 5 kila mwaka. Ile bei tuliyokuwa tukijivunia, ukiihesabu kwa fedha anayolipia mwananchi, ikafika mwaka wa mwisho ikiwa imezidi mara mbili. Sikulala vizuri siku ile.

Miradi hii hujengwa kwa mkopo, mara nyingi asilimia 70 hadi 80 ya gharama yote. Mkopo ukiwa wa dola au yuro, na mteja analipa bili kwa sarafu yake, lazima awepo wa kubeba pengo. Mkataba ukifunga malipo kwenye dola, mbebaji ni shirika la umeme, na likishindwa, ni hazina ya serikali iliyotoa dhamana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwenu mnaojadiliana kwa niaba ya serikali: vunjeni bei vipande vipande. Mishahara, ulinzi na usafishaji wa paneli hulipwa kwa fedha ya nyumbani. Sioni sababu ya kuvifuatisha na dola. Sisi tulirudi mezani, tukabishana miezi minne, na sehemu hiyo ikaandikwa kwa sarafu yetu. Penye benki za ndani zenye uwezo, mnaweza kwenda mbali zaidi. Afrika Kusini, katika zabuni za nishati jadidifu ilizoanza mwaka 2011, hununua umeme kwa randi, na ushindani ukashusha bei awamu baada ya awamu.

La pili ni njia ya kusafirisha umeme, na hapa naomba msome polepole. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana nchini Kenya una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikamilika mwaka 2017. Njia ya kilomita zipatazo 430, iliyokuwa jukumu la serikali, ikachelewa hadi mwaka 2018. Upepo ulivuma, umeme haukuwa na pa kupita, na kwa kuwa mkataba uliahidi malipo, serikali ikadaiwa fidia ya mabilioni ya shilingi.

Mwekezaji hakukosea kudai. Benki zisingemkopesha bila kifungu hicho. Ila serikali isikubali kubeba hatari ya njia kuchelewa kabla haijawa na fedha za ujenzi, mkandarasi, na haki ya kupita kwenye mashamba ya watu. Hilo la mashamba ndilo huchelewesha kuliko yote. Kama havijakamilika, ombeni tarehe ya kuanza malipo isogee, au mwekezaji ajenge njia mwenyewe na kuikabidhi. Atapandisha bei kidogo, kweli. Linganisheni nyongeza hiyo na fidia ya mwaka mmoja, kwa jedwali lilelile, kabla ya kumjibu.