Jibu: Mtoto anakula bure ila hayumo Pupil Premium
Salama dada. Umesema mwanao yuko darasa la kwanza London, chakula anakula bure, ila shule inasema hayumo kwenye Pupil Premium, zile hela za ziada serikali inazoipa shule kwa ajili ya watoto wa familia zenye kipato kidogo. Yalinikuta hayo hayo. England wadogo wote wa shule za serikali, hadi darasa la pili, wanakula bure bila kuangalia kipato, kwa hiyo wengi hatujazi ile fomu ya kipato, na bila fomu shule haipati hizo hela. Anza hapo, nenda ofisini uombe fomu, na kama mnapokea Universal Credit, ile hela ya msaada ya serikali kwa wenye kipato kidogo, beba na barua yake. Hela hupewi mkononi lakini, zinakaa shuleni, wangu alipata mwalimu wa kusoma naye nusu saa kila Jumanne. Halafu ingia tovuti ya shule, lazima waweke kila mwaka wanavyozitumia, mwisho 31 Desemba, usipoona kinachomfaa mwanao mwambie mwalimu wazi, usione haya.