Ni Pete Postlethwaite, na Oscar hakupata

Kuna aliyesema kuwa mwigizaji huyu ni Mmarekani na kwamba alishinda Oscar. Hapana, yule aliyecheza Lorbeer, daktari aliyejificha Sudan kwenye The Constant Gardener (ile filamu ya 2005 iliyopigwa Kibera na Loiyangalani), si Mmarekani. Ni Pete Postlethwaite, Mwingereza wa Warrington, mzaliwa wa 1946. Ukishaiona ile mifupa ya mashavu mara moja humsahau tena.

Na Oscar hakushinda, aliteuliwa tu, kwa In the Name of the Father ya 1993. Mle ndani anacheza baba anayefungwa kwa kosa asilolifanya, seli moja na mwanawe, aliyechezwa na Daniel Day-Lewis. Tuzo yenyewe ikaenda kwa Tommy Lee Jones. Kwangu mimi Postlethwaite alidhulumiwa, ila hayo ni maoni.

Nimemfuatilia tangu filamu ya The Usual Suspects, alipokuwa wakili Kobayashi, kwa hiyo sura yake siwezi kuichanganya. Jukwaani ndiko alikokomaa, kwenye ukumbi wa maigizo wa Everyman, Liverpool, na kabla ya hapo alikuwa mwalimu. Msimtafute kwenye filamu mpya lakini, alifariki Januari 2011 kwa saratani.