Mwandishi wa hadithi asiyesoma hadithi

Kuna kauli naisikia karibu kila ninapokutana na waandishi chipukizi: "Mimi sisomi riwaya za watu, nisije nikaiga." Husemwa kwa fahari kidogo, kama mtu anayekwambia havuti sigara. Nimehariri miswada ya kutosha kulisema hili bila kumung'unya maneno: asiyesoma ndiye anayeiga zaidi, ila hajui anamwiga nani.

Mswada wake unaanza na simu inayoita usiku wa manane. Mvua inanyesha. Mhusika mkuu anagutuka, jasho linamtoka, anakwenda kujitazama kwenye kioo ili sisi wasomaji tuambiwe sura yake. Ukimuuliza picha hiyo kaitoa wapi, atakuapia kaibuni mwenyewe. Kaitoa kwenye filamu na tamthilia za televisheni, walikoitoa wenzake kibao. Aliyesoma angeshaikuta mara kadhaa, akaichoka, akatafuta pa kuanzia pengine.

Na kuiga kwenyewe si dhambi kubwa hivyo. Shaaban Robert alichukua kisa cha Alfu Lela Ulela akakisimulia upya katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka 1952, na hakuna anayesita kusema ni chake. Muhammed Said Abdulla alimleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake mdomoni. Aliyewahi kusoma visa vya Sherlock Holmes hapati tabu kuujua ukoo wake. Lakini riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960 ni Unguja tupu, kuanzia mashamba hadi fitina za jamaa. Angejifungia asisome ya wageni, sidhani kama tungempata Bwana Msa.

Ila ninachokitafuta hasa nikisoma si visa. Visa viko tele mitaani. Nasoma kuona kazi inavyofanywa kwa Kiswahili. Chukua jambo dogo tu la mtu kwenda nyumbani kwa mwenzake. Kwetu mtu haingii tu. Hubisha hodi, hukaribishwa, huulizwa za atokako, za watoto, ndipo yafuate yaliyomleta. Ukiyaandika yote, msomaji atasinzia. Ukiyaruka yote, watu wako wanakuwa hawana adabu, au wanakuwa wazungu wa kwenye filamu iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Waandishi wetu wazuri wamehangaika na tatizo hili tangu zamani, na kila mmoja ana njia yake. Huyu ataibakiza shikamoo peke yake, marahaba ichelewe, nawe ushajua mjomba kaudhika kabla hajatamka la pili. Yule atasema "walipokwisha kujuliana hali" kisha aende zake moja kwa moja kwenye ugomvi. Haya huyapati kwenye riwaya ya Kiingereza hata iwe nzuri vipi, kwa sababu mwandishi wake hakuwa na tatizo hilo.

Au tazama mwendo wa masimulizi. Mswada mmoja niliopewa ulikwenda hivi: "Juma aliingia. Aliketi. Alivua kofia. Alimtazama mama yake." Sarufi haina kosa, na ukurasa mzima ulikuwa hivyohivyo mpaka chini. Tukakaa na mwenyewe, ikawa: "Juma aliingia, akaketi, akavua kofia. Mama yake alikuwa akichambua mchele; hakuinua uso." Hiyo -li- ya kwanza inafungua, zile -ka- zinakimbia, kisha tunasimamishwa kwa mama na mchele wake. Kijana yule amekua akisikia ngano za bibi zikisimuliwa hivyo, lakini kwa miaka mingi alikuwa amesoma Kiingereza tu, basi akishika kalamu anaandika kwa mwendo wa huko. Nilimpa riwaya mbili za Kizanzibari nikamwambia azisome kwa sauti. Sikumpa somo lingine.

Nakubali kuna wakati wa kuchagua. Nikiwa katikati ya rasimu ya kwanza, mwandishi mwenye sauti nzito hunivuta. Asubuhi nakuta sentensi zangu zinasema kwa sauti yake. Hapo siachi kusoma, nabadili tu. Nikiandika mambo ya ndoa nasoma upelelezi, nikiandika ya mjini nasoma ya kale. Rasimu ikiisha narudi kwa wale wenye sauti nzito, safari hii na penseli mkononi.

Msiwasome marehemu peke yao pia. Tuzo ya uandishi iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imetuletea kazi mpya za Kiswahili ambazo waandishi wengi ninaokutana nao hawajazigusa, ilhali wao wenyewe wanapanga kushiriki. Unashindanaje na watu usiojua wameandika nini?

Suala la bei silipuuzi, vitabu ni ghali. Lakini Nairobi kuna wauzaji wa inama, waliopanga mitumba ya vitabu chini kando ya njia, na Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi.

Ukiniuliza uanze na ipi, anza na ile uliyolazimishwa shuleni. Wengi wetu tulikutana na Rosa Mistika au Utengano kupitia maswali ya mtihani: taja dhamira, jadili nafasi ya mwanamke, toa mifano. Irudie sasa bila mtihani. Dhamira iache. Tazama sura imekatwa wapi, mhusika katolewaje chumbani, nani kaachwa aseme na nani kanyamazishwa. Ukijikuta umefunua ukurasa wa pili bila kukusudia, rudi nyuma uitafute sentensi iliyokuvuta, uinakili kwa mkono kwenye daftari, pamoja na ile iliyoitangulia.