Amefuta besi yangu usiku, sijaambiwa

*Shangazi shikamoo. Napiga besi kwenye bendi ya roki, tuko wanne. Albamu ya kwanza tulirekodi siku sita, wote chumba kimoja. Hii ya pili muimbaji wetu anataka iwe kubwa kweli, ina violini, ina wimbo wa dakika kumi na moja. Imebaki wiki tano itoke. Juzi nasikiliza miksi, yaani nyimbo zikiwa zimeshaunganishwa sauti zote, nikagundua besi kwenye nyimbo nne sio yangu, mimi napiga kwa vidole na ile imepigwa kwa piki, kile kiplastiki cha kukwaruzia nyuzi. Kumbe alibaki studio usiku akarudia mwenyewe. Sijamwambia mtu. Nataka nijitoe kimya kimya. Nakosea?*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hapo kwenye vidole na piki nilisimama kusoma, maana nimekuona umevaa hedifoni peke yako unasikia mkono wa mtu mwingine mahali ulipokuwa mkono wako, na hakuna aliyekuandaa. Hilo linauma, usikubali mtu akwambie unakuza mambo.

Ila kujitoa kimya kimya hapana, sio kabla hujaongea naye.

Yaliyokukuta yamewakuta wakubwa pia. Foo Fighters, bendi ya roki ya Marekani, albamu yao ya kwanza ya 1995 kiongozi wao Dave Grohl alipiga karibu kila kitu mwenyewe, alafu akaunda bendi kamili, na walipokuwa wanatengeneza ya pili akarudia dramu karibu zote za mpiga dramu wao William Goldsmith, na William alikuja kujua baadaye. Aliombwa abaki aende nao kwenye ziara, akakataa, akaondoka kabla albamu haijatoka Mei 1997. Albamu ilifanya vizuri sana, na mimi simlaumu William hata kidogo. Nakutajia uone kwamba mtu anaweza akawa sahihi kuhusu muziki na bado akawa amemkosea mwenzake vibaya, yote mawili kwa wakati mmoja, na wewe unatakiwa uyatenganishe kabla hujaenda kuongea.

Kwa hiyo hiyo violini na hizo dakika kumi na moja usiziingize kwenye ugomvi. Nyimbo za albamu ya kwanza mtu anatembea nazo miaka, mnazipiga kwenye shoo mpaka zinakaa sawa zenyewe, lakini za albamu ya pili zinatakiwa ziishe ndani ya miezi na watu tayari wanasubiri, na mwenye ndoto kubwa akibanwa hivyo anaanza kushika kila kitu kwa mikono yake sababu anaogopa. Kuogopa namuelewa. Nisichomuelewa ni kuja mazoezini kesho yake, akusalimie, muweke vyombo pamoja, na asiseme kitu.

Mfuate peke yake, sio kwenye grupu na sio mbele ya wale wawili. Mwambie tu, "Nimesikia besi ya zile nyimbo nne, sio yangu, mbona hukuniambia?" alafu nyamaza, hata akichelewa kujibu usimsaidie kujaza maneno. Akikwambia kwamba ulichopiga hakikukaa vizuri na wimbo, hilo linaongeleka, muulize kipi hakikukaa, omba urudie, na kama kwenye wimbo mmoja ya kwake kweli imekaa vizuri zaidi mwachie huo. Akikwambia bendi ni yake na anafanya anavyotaka, basi hapo umeshapata jibu la kuondoka nalo, na utaondoka ukijua unachokiacha.

Kitu kingine, kabla haijatoka muandikishane. Nani katunga nini na kwa asilimia ngapi, na nani kapiga nini kwenye wimbo upi, na wote wanne mweke sahihi. R.E.M., bendi nyingine ya roki ya Marekani, walikuwa wanaandika majina yao wote wanne kwenye utunzi na kugawana sawa, nyie si lazima mfanye hivyo ila lazima mkubaliane. Ulichoshiriki kutunga hakiachi kuwa chako eti kwa sababu umetoka kwenye bendi, lakini kuja kukidai baadaye bila karatasi ni mateso, na huko kujitoa kimya kimya ndiko kutakupeleka hapo hapo.

Alafu kuna hili ambalo naona hujalifikiria, ukibaki, kwenye shoo utatakiwa upige hiyo besi yake kila usiku mbele ya watu. Jiulize kama utaweza bila kifundo rohoni.

Leo usiku chukua besi, weka miksi yake, piga mmoja wa zile nyimbo nne mwanzo mpaka mwisho kwa vidole vyako, jirekodi hata kwa simu. Kesho nenda nayo kwake, asikilize ukiwepo. Alafu niandikie alichokujibu.