Pimeni kabla hamjataja jina

Swali la wiki hii liliuliza: vitu vidogo vidogo vikipotea kazini, na waliokuwepo ni wafanyakazi wenyewe kwa wenyewe, tuanzie wapi? Nalijibu kwa kazi ya kambi ya karafuu Pemba. Huko udokozi upo, lakini tuhuma zisizo na msingi ni nyingi zaidi na zinaumiza watu.

Karafuu hupungua zenyewe. Kilo 30 za mbichi zilizokwisha kuchambuliwa, yaani kutenganishwa na makonyo (vijiti vyake), zikianikwa kwenye jua zuri siku nne au tano, hubakia kama kilo 10. Zikilala zimerundikwa hupata joto, zikatoka nyeupe na nyepesi, mizani ikashuka zaidi. Mwenye shamba asiyejua hesabu hii humshuku mlinzi wa majamvi, na maskini hajagusa hata konzi moja.

Basi anayetaka kujua kama ameibiwa apime kila mara karafuu zinapotoka mkono mmoja kwenda mwengine. Jioni, chini ya mkarafuu, polo (gunia) la kila mchumaji lipimwe mwenyewe akiwepo, na liwe na alama yake; kitambaa cha rangi kilichofungwa mdomoni kinatosha. Mizani ya kuning'iniza ijaribiwe kwanza kwa dumu la lita 5 za maji: isome kilo 5 na uzito wa dumu tupu. Mkishachambua, usiku huo huo, pimeni karafuu peke yake na makonyo peke yake, kisha mjumlishe. Upungufu mdogo ni majani na takataka. Zikikosekana kilo tatu, zimepotelea pale penye kuchambuliwa, na waliokaa hapo wanajulikana. Mkingoja asubuhi hesabu imeshaharibika, kwani unyevu hutoka hata usiku.

Udokozi wa mchana ni mwepesi: mwenye pakacha yuko juu ya mti, wa chini anahamisha konzi mbili tatu. Pakacha lipandishwe mtini kwa kamba. Udokozi wa mizani ni kutia mchanga au jiwe chini ya polo ili uzito uzidi, na malipo yakigawanywa kwa kundi, anayefanya hivyo anawaibia wenzake. Polo limwageni juu ya jamvi kabla ya kuandika uzito daftarini.

Mgumu ni ule wa majamvini. Mtu huchota kavu akarudisha mbichi, na kwa macho jamvi limejaa vile vile. Kila jamvi liandikiwe siku lilipoanikwa, za siku mbili zisichanganywe. Karafuu kavu ukiivunja hukatika kwa sauti, mbichi hupinda. Siku ya nne ukikuta zinazopinda zimekusanyika pahala pamoja, kuna aliyebadilisha. Zikiwa zimetawanyika jamvi zima, huenda hazikugeuzwa vizuri tu.

Wachumaji walipwe jioni ile ile. Anayecheleweshewa pesa wiki nzima, na njiani wapo wanaonunua mbichi kwa kikombe, anajaribiwa kila siku, na sehemu ya lawama hapo ni ya mwajiri.

Na tafadhalini, msitishane halbadiri (kisomo cha kumlaani mwizi) kambini wakati daftari halijafunguliwa. Anayetajwa bure hatorudi msimu ujao, na wenzake huondoka naye. Ikithibitika, mwiteni pembeni yeye na mkuu wa kambi, aoneshwe mistari ya daftari, mkubaliane jinsi atakavyozirejesha kilo zile. Akirudia, pelekeni daftari hilo kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa.