Vinyweleo vya mtoto na dawa ya nywele ya baba

Shangazi, mtoto wetu ana miezi minne. Vinyweleo vya mgongoni na mapajani mwake vinarefuka na kuwa vyeusi, na mume wangu ananiuliza nilikula nini nilipokuwa mjamzito. Yeye hupaka minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, kichwani kila usiku, kisha humlaza mtoto kifuani. Je, kosa ni langu?
Mama Mwenye Hofu

Mwanangu, sitakuuliza ulikula nini, kwa sababu sentensi iliyonishtua ni ile uliyoipitia upesi, kwamba baba hupaka dawa na mara moja humkumbatia mtoto. Mwaka 2023, huko Navarra nchini Hispania, iliripotiwa habari ya mtoto aliyeota nywele mgongoni na miguuni alipokuwa akilelewa na baba aliyetumia minoksidili ya asilimia 5. Baba alipoiacha, nywele zile zilitoweka. Visa vya namna hiyo ni nadra, lakini mwaka uliofuata wadhibiti wa dawa wa Ulaya walitaka onyo kuhusu watoto wachanga liongezwe kwenye maelezo ya dawa hiyo.

Wengi hawajui kwamba minoksidili ilianza kama kidonge cha kushusha shinikizo la damu, na ni wagonjwa walioimeza walioanza kuota nywele usoni na mikononi, ndipo ikatengenezwa ya kupaka. Ngozi ya mtoto ni nyembamba na mwili wake ni mdogo, kwa hiyo kiasi kisichomdhuru baba kinaweza kuwa kingi kwake, hasa akigusa kichwa kilicholowa kisha akanyonya vidole, kama watoto wa umri huo wafanyavyo kutwa nzima.

Hata hivyo, nywele za ghafla kwa mtoto zina sababu nyingine pia, zikiwemo za homoni, na mimi siwezi kuzitofautisha kwa barua. Mpeleke kwa daktari wa watoto bila kusubiri miadi ya kliniki, ubebe na chupa yenyewe ya dawa, utaje tarehe baba alipoanza kuipaka, na uombe mapigo ya moyo na shinikizo la damu vipimwe. Akilegea, akikataa kunyonya au akihema kwa shida, nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Mumeo msomee barua hii kwa upole, kwani hakukusudia baya. Aiweke dawa kando mpaka daktari aseme, na foronya pamoja na fulana anazolalia zifuliwe leo, kabla hajamlaza tena mtoto kifuani.